Mwaka wa Kuvuta Maji Kwenda Butiama

Tulimzika shemeji yangu Mafuru kule Nyamuswa, siku ya upepo mkali uliokuwa unalipiga turubai la waombolezaji mpaka wazee wakashika nguzo kwa mikono. Watu walikuwa bado wananawa ili wale, nikasikia vijana nyuma yangu wakisimulia kwamba pikapu ya marehemu ilikuwa na injini ya lori. Mmoja alisema injini hiyo ililetwa kutoka Kenya. Mwenzake akasema hapana, mzee alikuwa na dawa, gari dogo namna ile haliwezi kupandisha tangi la maji Butiama bila dawa. Nilikuwa nimeshika sahani ya wali na nyama ambayo sikuwa na hamu nayo. Nilitaka kugeuka niwaambie, lakini dada yangu Nyabwire, mke wa marehemu, alikuwa amekaa kwenye mkeka karibu pale, kichwa chini, na sikutaka kuanzisha ubishi mbele yake. Nikaiweka sahani chini, nikatembea hadi barabarani, nikarudi, nikaenda tena. Wajukuu ninao, magoti yananiuma, na bado siwezi kukaa mahali pamoja wakati wengine wamekaa. Injini ilikuwa ileile ya silinda nne iliyokuja na gari, dizeli, inavuja oili kidogo upande wa kushoto. Vilivyobadilika ni vitu vingine, vidogo na vingi. Mwaka mzima watu wanne tulikuwa tukigombana juu ya vitu hivyo, na mwaka huo ndio ulionifanya nilivyo.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, matokeo yangu hayakunipeleka popote, nikawa naishi kwao Bunda kwenye vyumba viwili nyuma ya godauni la pamba. Nyumba haikuwa na dari. Ukikohoa chumba hiki unapewa pole chumba kile. Asubuhi kulikuwa na harufu ya maandazi ya dada, kwa sababu aliyakaanga ukumbini kabla ya kuyapeleka stendi, na chini ya harufu hiyo kulikuwa na harufu ya dizeli ambayo haikutoka hata ukifua nguo mara ngapi. Tulikula ugali wa muhogo na mtama, na dagaa, na siku nyingine furu waliokaushwa, wale samaki wadogo wenye miiba ambao dada aliwapika na nyanya mpaka mchuzi ukawa mzito. Mafuru alikula amesimama. Mara nyingi sahani yake ilikaa juu ya boneti, anakata tonge, anainama kuchungulia kitu, anakata tonge lingine. Mimi nilikula nikisikiliza mabasi. Nilijua mlio wa kila basi la Mwanza, nikajua lipi limejaa na lipi linaondoka tupu, na kila moja lilipoondoka nililifuata kwa masikio mpaka likapotea. Rafiki zangu wawili walikuwa wameshaondoka nayo.

Pikapu Mafuru aliinunua ili abebe abiria wa siku za mnada, akaifungia nyuma machuma ya turubai na mabenchi ya mbao. Biashara haikwenda. Usiku mmoja baada ya mwingine niliwasikia kupitia ukuta ule mfupi. Dada alitaka gari liuzwe wanunue mashine ya kusaga. "Mashine haipandi milima," alisema. "Inakaa pale, watu wanaifuata."

"Ndiyo ubaya wake," Mafuru akajibu. "Inakaa."

Yeye ndiye aliyenifundisha kuendesha, si kwa sababu ya wema bali kwa sababu alihitaji mtu wa kulisogeza gari wakati amelala chini yake. "Kanyaga klachi, shemeji. Achia polepole. Polepole nimesema, unataka nife mapema?" Dada alitoka nje na mwiko mkononi kuangalia kama bado ana mume.

Mwaka ule mvua za vuli hazikuja, na za masika zilikuja siku chache zikakata. Pamba ilibaki fupi shambani kama ya kuchezea watoto. Ng'ombe walipita Bunda wakienda ziwani, mifupa ya nyonga imesimama. Ndipo akaja Sista Koleta. Alishuka kwenye basi akiwa na viatu vya mpira vyenye vumbi na mfuko wa turubai, akauliza stendi ni nani mwenye gari asiyekuwa na kazi, na watu wote wakaonyesha kwetu. Alikuwa mkuu wa kituo kidogo cha afya huko ndani ya Butiama, juu ya kilima, na pampu ya kisima chao ilikuwa imekufa kabla kisima chenyewe hakijakauka. Dada alimpa chai. Hakuinywa.

"Mama akija kujifungua tunamwambia aje na ndoo zake mbili za maji," alisema. "Mtu ameshikwa na uchungu, anatoka wapi na ndoo? Wiki iliyopita mmoja alikuja nazo kichwani. Kichwani! Nimewaomba wenye malori Musoma. Wanaangalia ile barabara, wanasema wataharibu magari yao."

"Tutaleta," Mafuru akasema.

"Una tangi?"

"Litapatikana."

Dada alimtazama. Hatukuwa na tangi, wala tela la kuliweka, wala pesa ya kununua kimojawapo. Lakini Mafuru alishavaa viatu.

Tela lilitengenezwa na Fundi Wambura, mchomeleaji wa pale Bunda, mtu mnene mwenye sauti kubwa ambaye hakuwahi kusema "sijui" maishani mwake. Alichukua ekseli ya gari lililopinduka, akaunganisha vyuma, akaweka juu yake tangi lililowahi kukaa kwenye mnara wa maji wa kiwanda cha pamba kilichofungwa. Tulilisugua kwa mchanga na majivu mpaka mikono ikachubuka. Wambura aliliweka tangi mbele kabisa, karibu na gari. "Mzigo ukiwa karibu, gari linauona," alisema. Mpango ulikuwa tuondoke Bunda na tela tupu, tujaze kwenye bomba Musoma mjini, turudi nyuma hadi njia ya Butiama, tuiache lami, tupande.

Safari ya kwanza niliketi karibu na Mafuru. Kwenye lami tulikwenda kama jongoo, moshi mweusi nyuma yetu, na nilipotazama mbele niliona boneti imeinuka kuliko kawaida, kana kwamba gari linanusa mawingu. Mafuru aliuzungusha usukani kwa kidole kimoja, akacheka, kisha akaacha kucheka. "Mepesi mno," akasema. "Matairi ya mbele hayagusi vizuri." Tulipoingia kwenye vumbi na kufika chini ya kilima, akaweka gia ya kwanza. Gari lilipanda mpaka katikati. Mshale wa joto ulikuwa umeshalala upande mwekundu, mvuke ukatoka pembeni mwa boneti, tukaanza kurudi nyuma. Niliruka nikatia jiwe kwenye gurudumu la tela. Tukasubiri lipoe, tukajaribu tena, tukachemsha tena. Mwishowe Mafuru alikwenda nyuma akalifungua bomba la tangi.

Sijasahau sauti ile ya maji kumwagika barabarani katika mwaka wa kiangazi. Hatukuona mtu kabla ya hapo, lakini maji yalipoanza kukimbia mteremkoni wanawake walitokea kwenye migomba na nyuma ya mawe, na sufuria, na madebe, mmoja na beseni la kuogeshea mtoto. Yale yaliyopita miguuni mwao waliyakinga kwa vikombe pamoja na matope. Hakuna aliyetuuliza kitu. Bibi mmoja alinyoosha mkono akanigusa bega, akasema asante, na mimi nilitamani ardhi inimeze, kwa sababu alidhani tulikuwa tunagawa. Tulifika kituoni na nusu ya tangi. Sista Koleta aligonga chuma kwa kifundo cha kidole, akasikia pale sauti inapobadilika, akasema, "Nusu ni nzuri kuliko ndoo mbili." Kisha akaingia ndani haraka.

Kuanzia siku hiyo Mafuru hakulala vizuri, na aliyekuwa naye nyumba moja hakulala pia. Alitaka injini kubwa. Alizunguka kila gereji kati ya Bunda na Musoma kuulizia injini kubwa, na kila alikouliza akarudi mikono mitupu, kwa sababu bei ya injini ilikuwa bei ya gari zima. Hapo ndipo Wambura alipokaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akasema neno moja la maana kati ya mengi aliyosema mwaka ule: "Nguvu unayo. Unaitupa njiani." Tukaanza kutafuta tunaitupa wapi. Rejeta ilifunguliwa, ikasafishwa mrija kwa mrija kwa waya wa bapa, ikatoa tope jekundu. Mbele yake kulikuwa kumejaa mbegu za majani na mbawa za panzi. Feni nayo ilikuwa inavuta upepo wa pembeni badala ya ule unaopita kwenye rejeta, basi Wambura akakata bati la pipa akaizungushia kama kola ya shati. Nozeli, zile zinazonyunyizia dizeli ndani ya injini, tulizipeleka Musoma zikapimwa, na moshi mweusi, ambao ni dizeli inayotoka bila kuungua, ukapungua ukawa wa kijivu. Tuling'oa mabenchi, tukang'oa bampa la nyuma lililokuwa zito kama mlango wa jela, tukang'oa machuma ya turubai. Springi za nyuma Wambura aliziongezea bapa za chakavu nyingi mno, gari likawa gumu kama meza, na dada alipopanda kwenda sokoni alijigonga kichwa kwenye paa, akashuka akatembea kwa miguu. Tukazipunguza.

Kisha ukaja uzito wa tela. Mizani tuliiazima godauni, ile ya kuning'iniza magunia ya pamba, tukaifunga kwenye boriti ya mlango na kuinua shingo ya tela, pale linapofungwa kwenye gari, likiwa limejazwa maji. Mshale ulizunguka ukagonga mwisho. Uzito wote huo ndio uliokuwa unaikalia nyuma ya pikapu na kuinua matairi ya mbele. Wambura hakukubali kwamba alikosea. Alisema tangi lilikuwa limehama lenyewe. Akasogeza ekseli mbele, shingo ikawa nyepesi, akasogeza tena kidogo kwa furaha, mpaka mimi peke yangu niliweza kuinua shingo ya tela lililojaa kwa mikono miwili. Tulishangilia. Tulidhani hiyo ndiyo faida.

Safari iliyofuata, kwenye mteremko wa lami kabla ya kufika njia ya Butiama, tela lilianza kupiga mkia. Kwanza kidogo, kama mtu anayetikisa kichwa. Maji yalihama ndani ya tangi, yakagonga ubavu mmoja, yakarudi yakagonga mwingine, na kila yaliporudi gari lilisukumwa mbali zaidi. "Usikanyage breki!" nilipiga kelele, sijui kwa nini, maana sikujua lolote. Alikuwa ameshakanyaga. Tulizunguka, tukaiacha barabara, tukaingia kwenye shamba la muhogo, na kitu cha mwisho ninachokumbuka kabla ya kimya ni majani yakipiga kioo. Mimi nilitoka na jino lililovunjika. Mafuru alitoka akiwa ameshika mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto, kana kwamba amebeba kitu cha mtu mwingine. Mfupa ulikuwa umevunjika juu ya kiwiko. Mwenye shamba alikuja na panga, akatuona, akaliweka chini, akatuletea maziwa.

Wiki zilizofuata zilikuwa ndefu kuliko mwaka. Mafuru akiwa na mkono kwenye plasta alizunguka uani kama ng'ombe aliyefungwa kamba. Alianza kuniambia nifungue hiki, nifunge kile, akinyang'anya spana kwa mkono wa kushoto na kuiangusha. Dada hakupiga kelele, na hilo lilitutisha wote. Siku moja alivaa kitenge chake kizuri akasema, "Nakwenda Butiama kumwambia yule Sista atafute mtu mwingine. Ni vibaya kumwacha anasubiri." Akapanda basi.

Alirudi jioni, vumbi mpaka kwenye kope. Hakukaa. Alichukua kikombe cha maji kwenye mtungi, akayatazama kabla ya kuyanywa. Mafuru alimuuliza kama amemwambia. Dada akakishika kikombe kwa mikono miwili.

"Walikuwa wanafua mashuka ya wazazi kwa maji waliyokwisha kuogeshea watoto," alisema. "Nimewashikia upande mmoja wa shuka tukakamua." Akanywa. Kisha: "Breki za tela zinatengenezwaje?"

Mafuru alimtazama kama mtu aliyeitwa kwa jina lake na mgeni.

"Nimeuliza. Gari lina breki. Tela kwa nini halina? Limekusukuma kwa sababu hakuna kitu cha kulikamata. Si ndivyo?"

"Ndivyo," Mafuru akasema.

"Basi mwite Wambura. Na mwambie asinipigie makelele, leo kichwa kinaniuma."

Tangu siku hiyo kazi ikawa ya dada. Wambura aliilalamikia, lakini aliifanya. Shingo ya tela aliikata akatengeneza mrija unaoteleza ndani ya mrija mwingine. Gari likipunguza mwendo, tela linakuja mbele, na msukumo wake wenyewe unabana pampu kuukuu ya breki iliyofungwa pale, magurudumu ya tela yanajikamata. Ekseli ilirudishwa nyuma kidogo kidogo, dada amesimama kando ya mizani, na kila Wambura aliposema inatosha yeye alisema, "Pima tena." Tulitaka shingo iwe na sehemu moja ya kumi ya mzigo. Shingo nzito iliinua pua ya gari na nyepesi ilitupa mkia, yote mawili tulishayaonja. Ndani ya tangi tuliweka mabati yenye matundu ili maji yasikimbie kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Mwili wa Wambura haukupita kwenye mdomo wa tangi, kwa hiyo niliingia mimi na kukaza nati kutoka ndani, kwenye giza lenye harufu ya kutu, sauti za nje zikinijia kama zinatoka kwenye redio.

Ndimo nilimosikia. Dada na Mafuru walikuwa wameegemea tangi, wamesahau kwamba nimo.

"Ataendesha nani?" Mafuru aliuliza. "Mkono huu bado."

"Nyangeta," dada akasema, jina langu.

"Yule bado mtoto."

"Wewe huoni anavyosikiliza mabasi? Yule hatakaa hapa, Mafuru. Ataondoka tu. Mimi nataka aondoke anajua kazi, asiondoke hivihivi na mfuko wa nguo." Nikasikia kiganja chake kikipapasa bati. "Nitakwenda naye. Nikimwona anaogopa nitamshusha."

Niliendelea kukaza nati ambayo ilikuwa imeshakaza. Hakuna mtu aliyewahi kunisema kwa ukweli namna ile nikiwa sipo, na machozi yalinitoka kwa hasira na furaha vikiwa vimechanganyika, mpaka leo siwezi kuvitenganisha.

Kilichobaki kilikuwa difu, lile dude la meno katikati ya ekseli ya nyuma. Wambura alieleza kwamba magari ya aina ile yalitoka na meno tofauti ndani ya difu, mengine ya mbio, mengine ya nguvu, na letu lilikuwa la mbio. Tukipata la nguvu, gari litapoteza mwendo kwenye lami lakini litapanda kwa injini hiyohiyo. Tulisikia kwamba Kibara kuna mnunuzi wa samaki mwenye pikapu kama yetu iliyooza bodi kwa maji ya samaki, imelala kando ya ziwa. Tulikwenda mimi na dada. Mtu yule alitupa sato wa kukaanga na ugali, akatuangalia tukila, akataja bei ambayo ilimfanya dada acheke kwa adabu. Dada alikuwa ameshaona, nyuma ya nyumba yake, gari jipya lisilo na kitu cha kufunika samaki.

"Hawa samaki wako jua linawachoma," alisema. "Mimi nina machuma ya turubai, yamechomelewa vizuri, na turubai lake. Yanakaa tu uani."

Yule bwana alikwenda kutazama gari lake, akarudi akatazama ziwa, akakubali tubadilishane. Tulirudi Bunda na difu kwenye gunia, kwenye paa la basi, na dada alishuka kila kituo kuhakikisha bado lipo.

Siku ya kupanda, Mafuru alikataa kubaki. Aliketi katikati yetu, plasta ikinigonga ubavu kila nilipobadili gia, na tangu Musoma hadi njia ya Butiama hakufunga mdomo. Kwenye ule mteremko wa shamba la muhogo nilipunguza mwendo, nikahisi tela likija mbele, likajikamata, likatulia. Matairi ya mbele yalikuwa ardhini. Nilijua kwa sababu usukani ulinijibu. Tulipofika chini ya kilima dada alisema simama.

"Shuka," akamwambia mumewe.

"Mimi?"

"Unatuongezea uzito. Na kelele."

Alishuka. Naye dada akashuka, akachukua gogo la pembe tatu alilokuwa amelichongesha, akaenda nyuma kusimama karibu na gurudumu la tela. Niliweka gia ya kwanza, nikaachia klachi polepole, polepole kama nilivyofundishwa. Gari lilianza kupanda kwa mwendo wa mtu anayekwenda kanisani mapema. Kwenye kioo cha pembeni nilimwona dada akitembea sambamba na gurudumu, kitenge amekifunga juu ya magoti, gogo mikononi kama mtoto, macho yake hayatoki kwenye tairi. Tulipita pale tulipomwaga maji. Wanawake walikuwa wametoka tena, na vyombo, wamesimama pembeni wakingoja. Mshale wa joto ulipanda, ukafika pale ulipopindukia mara ya kwanza, ukakaa. Nilikuwa naongea na injini kwa Kijita, lugha ya nyumbani, maneno ambayo mtu humwambia ng'ombe. Mawe yaliteleza chini ya tairi, gari likasita, nikamwona dada ameinama tayari na gogo, kisha tairi likashika. Sikukanyaga zaidi. Sikuachia. Kilima kiliisha bila kuniarifu. Nilijua tu kwamba naona paa la kituo mbele yangu na si anga.

Sista Koleta aligonga tangi kwa kifundo cha kidole, chini, katikati, juu. Sauti ilikuwa moja. Alikwenda kwa dada, ambaye alikuwa bado ameshika gogo na anahema, akamkumbatia pamoja na gogo lake. Mafuru alifika baadaye kwa miguu, amelowa jasho, akapita wote bila salamu akaenda kuweka kiganja kwenye rejeta. Akarudi anacheka. Tuliporudi chini tulisimama kwenye lile kundi la wanawake. Dada alikuwa ameacha maji kidogo tangini bila kumwambia mtu isipokuwa Sista, na safari hii yule bibi alipogusa bega langu sikuona aibu.

Tulivuta maji kiangazi chote. Mkono wa Mafuru ulipopona tulipokezana usukani. Hatukutajirika. Tulipata dizeli, matairi, na chakula. Mara moja tulitakiwa tupeleke injini ya boti iliyokuwa inakwenda kisiwa cha Rukuba, mpaka ufukweni tu, nikakaa nikiangalia boti ikiondoka na mzigo tulioufikisha, nikataka kuipanda bila hata kujua kwa nini. Nilikuwa sitosheki. Kadiri gari lilivyozidi kuvuta vizuri ndivyo nilivyozidi kuona njia zile ni fupi.

Mvua ilitukuta barabarani. Tulikuwa wote watatu, tangi limejaa, tumeiacha lami, na mawingu yaliyotudanganya mwaka mzima yakafunguka. Mafuru ndiye aliyekuwa akiendesha. Tulipanda kilima kwenye tope, tela likifuata kwa utii, tukafika kituoni na kukuta kila chombo kiko nje: masufuria, mabeseni, pipa, mpaka kofia ya mlinzi. Sista Koleta alikuwa amesimama uani, shela imemganda kichwani, anacheka peke yake. Alisisitiza tumimine maji yetu vilevile. Tukafungua bomba huku mvua inatupiga, maji yakaingia juu ya maji.

Mafuru alisimama akitazama. Nguo zilikuwa zimemshika mwilini, na kwa mara ya kwanza nikaona amekonda kiasi gani mwaka ule. "Sasa tutavuta nini?" aliuliza. Hakuwa anamuuliza mtu. Dada alimfuta uso kwa ncha ya kanga yake, ambayo ililowa kuliko uso wenyewe.

"Panda gari," akamwambia.

Mafuru alinipa funguo. Wakati wa kushuka tope lilikuwa zito, niliteremka kwa gia ndogo, breki za tela zikishika na kuachia, na nilikuwa karibu kumwambia zinavyofanya kazi vizuri nilipohisi uzito begani kwangu. Alikuwa amelala. Mtu yule ambaye hakuwahi kumaliza sahani ameketi alikuwa amelala mdomo wazi, kichwa chake begani mwangu, na upande wa pili dada amelala begani mwake. Nikaifikia lami. Kulia ni Musoma, kushoto ni Bunda na mbele yake Mwanza. Gari lilikuwa jepesi, tela tupu, injini inaita. Kabla ya mwaka kwisha nilikwenda Musoma kufanya mtihani wa leseni, na baada ya hapo niliendesha magari makubwa kuliko lile, barabara ndefu kuliko zile, kwa miaka mingi, na sikurudi Bunda ila kwa sikukuu na misiba. Yote hayo niliyajua pale, nikiwa nimesimama kwenye kona, mvua ikipiga kioo. Nikakata kushoto, nikaenda polepole kwa gia ya tatu, ili wasiamke.